Kidole cha Shahada

Kilichotakiwa kilikuwa kidole tu.
Si mkono, si sahihi, si kiapo:
kidole kimoja pembeni mwa sahani ya mizani,
kila gunia lipungue kilo mbili,
na mkulima wa Mbokomu asijue,
maana mkulima hutazama gunia lake,
hatazami kidole.

Bwana mwenye miwani alikuja kwetu Njoro jioni,
bahasha ameivika gazeti,
akaiweka mezani kando ya bakuli la mtori.
Mama aliitazama
kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemsubiri miaka.
Paa letu lilivuja sehemu nne.
Tulikuwa na sufuria tatu.

Baba alikula kwanza. Hakuharakisha.
Akanawa, akajifuta, akalirudisha gazeti bila kulifungua,
kama vile aliliazima akamaliza kulisoma.
"Nami nitapimwa," akasema,
"na Mpimaji wa siku hiyo
hatembelewi nyumbani jioni."

Basi.
Msimu haujaisha wakamwondoa kwenye mizani,
wakampa tochi, koti la mvua na lango la usiku.
Miaka kumi na minane akailinda kahawa
ambayo hakuruhusiwa tena kuipima.

Desemba baba zangu wadogo walipanda kutoka Dar,
magari yamejaa vumbi na kreti za soda.
Ndewirwa alipaua kwa vigae vyekundu
pale pale kihambani, hatua chache kutoka kaburi la babu.
Walimpa baba kata ya kwanza ya mbege, kwa ukubwa wake,
kisha wakamwambia:
"Anaeli, mbinguni utafika, hakuna anayebisha.
Lakini huyu mtoto atafikaje shuleni?"
Baba akacheka, povu likamganda kwenye masharubu.
Mimi sikucheka.
Huyo mtoto nilikuwa mimi.

Nilifaulu. Barua ilikuja, ada haikuja.
Kidole kile huitwa cha shahada.
Nimelifikiria jina hilo mara nyingi
nikikanyaga cherehani hapa barazani, Kiusa:
yeye alibaki na yake,
mimi nikaikosa yangu.
Na sitasema kwamba haikuniuma.
Wapo wanaobeba msalaba,
na wapo wanaokaa nyumba moja na mbebaji,
nao mbao huwagonga kila akigeuka.

Mama aliondoka wakati wa masika.
Alikuwa amelala, anasikiliza matone,
akamuuliza baba, kwa sauti ya mtu anayeulizia nauli:
"Huko niendako, kunavuja?"
"Hakuvuji," baba akajibu.
Akafikiri kidogo.
"Haya. Basi zile sufuria mpe Apaikunda."

Hatukumjengea kwa marumaru.
Udongo, na masale pande zote.

Sasa baba ana ukungu machoni.
Asubuhi namtoa nje na kiti chake,
naye huuliza, "Mlima umetoka?"
Sijawahi kumdanganya.
Nikisema haujatoka, hujibu, "Upo,"
akaendelea na chai.

Jana mteja aliniachia kitenge, pea mbili,
mwili wake mdogo, haraka zake nyingi.
Nusu mita ingebaki kwangu, na yeye asingejua,
maana mteja hutazama gauni.
Nilikibana kitambaa kwa kidole,
mkasi umeshafunguka mdomo.
Nilikaa hivyo muda mrefu.
Kisha nikakikunja kipande chake,
nikakifunga pamoja na gauni,
nikakasirika kutwa,
nimkasirikie nani sijui.

Usiku mvua ikanyesha.
Nikazipanga sufuria za mama, zote tatu,
na tone la nne
nikalikinga kwa kiganja.